Michigan 2008: kutoka kuifunga Florida hadi 3-9, kosa la nani?

YadiKumi
Wakuu wa futiboli ya Marekani, naombeni ufafanuzi. Januari 1, 2008 timu ya Chuo Kikuu cha Michigan iliifunga Florida 41-35, mechi ya mwisho ya kocha Lloyd Carr. Akaja Rich Rodriguez kutoka West Virginia, na msimu uliofuata wakashinda 3, wakafungwa 9. Vipigo kuzidi ushindi ni jambo lililokuwa halijawapata tangu 1967. Kocha ndiye tatizo, au alirithi nyumba tupu?

Mlinda Ukuta
Mkuu, hesabu walioondoka kwanza. Kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) Chad Henne, mkimbiaji Mike Hart, na Jake Long, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa na NFL, ligi ya kulipwa, mwaka huo. Wapokeaji Manningham na Arrington nao wakaenda NFL kabla ya muda wao. Ryan Mallett, mrushaji ambaye angerithi nafasi ya Henne, akahamia Arkansas. Kwenye ukuta wa mbele wa watu watano wanaomkinga kwotabeki, aliyebaki kati ya walioanza mechi mwaka uliotangulia ni Schilling peke yake.

Sasa tazama mfumo wenyewe. Rodriguez humwacha makusudi mlinzi mmoja wa pembeni bila kuzuiwa. Kwotabeki anauweka mpira tumboni mwa mkimbiaji, bado ameushika, macho kwa yule mlinzi. Mlinzi akiingia ndani kumfuata mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa na kuzunguka nje. Akibaki nje, anauachia. Uamuzi huo ni wa chini ya sekunde moja, na mtego unafanya kazi endapo tu mlinzi anaziogopa mbio za kwotabeki. Steven Threet alikuwa mrefu wa kurusha, si wa kukimbia, na Nick Sheridan aliingia chuoni bila ufadhili wa mpira. Walinzi wakawa wanamvamia mkimbiaji bila wasiwasi. (Ndiyo, Threet alikata yadi 58 dhidi ya Wisconsin. Walinzi walisahau kabisa kwamba naye ana miguu.)

Kona ya Kusini
Hapo kwenye mashambulizi nakubali. Ila tusidanganyane, ulinzi haukuwa mtupu. Wale wanne wa mstari wa mbele walirudi wote, Brandon Graham akiwemo. Jumlisha mechi 12: waliruhusu pointi 347, karibu 29 kwa mechi. Illinois 45, Penn State 46, Purdue 48. Kabla ya Purdue walibadilisha mpangilio katikati ya msimu, wakaenda 3-3-5: watatu mbele, watatu kati, watano nyuma. Vijana waliofundishwa kusimama wanne mbele tangu mazoezi ya machipuko hawabadiliki kwa wiki moja. Walifunga pointi 42 siku hiyo, na bado wakapoteza.

Mlinda Ukuta
Kweli, ingawa sehemu ya mzigo huo ilitoka upande wa pili. Timu kama hii ya Rodriguez, isiyokusanyika kupanga mbinu kati ya jaribio moja na lingine, ikifeli mara tatu mfululizo, inarudisha mpira ndani ya dakika moja hivi. Walinzi hawajamaliza hata kunywa maji, wanarudi uwanjani.

YadiKumi
Na kipigo cha Toledo je? 13-10, tena nyumbani.

Kona ya Kusini
Hiyo ndiyo ya kusoma kwa makini. Mchezo mmoja uliibeba mechi: pasi ilinaswa karibu na mstari wa goli wa Toledo, ikarudishwa yadi 100. Ulikuwa unakaribia kupata 7, umefungwa 7. Mrusho mmoja umekugharimu pointi 14. Mwishoni wakakosa kupiga kati ya nguzo kutoka yadi 26, wangesawazisha. Michigan walikuwa hawajawahi kufungwa na timu ya MAC, ligi ndogo wanayocheza Toledo.

Kwa hiyo ukitaka kumpima kocha mpya, mwaka wa kwanza usihangaike sana na ushindi. Angalia nani amerudi kwenye ukuta wa mbele, kwotabeki ni wa mfumo upi, na mipira mingapi inapotea. Kisha angalia ule upande ambao haukupoteza watu. Ukishuka nao, hapo mbane kocha.

Miaka iliyofuata ilionyesha. Mwaka 2010 Rodriguez alikuwa na kwotabeki wake hasa, Denard Robinson, aliyekimbia yadi 1,702. Mashambulizi yakawaka, ulinzi ukazidi kuvuja, 7-6, na Mississippi State wakawamaliza 52-14. Januari 2011 akafukuzwa akiwa na ushindi 15 na vipigo 22. Kocha mpya Brady Hoke akamleta Greg Mattison kusimamia ulinzi, akiwa na Denard yuleyule: 11-2.

Mlinda Ukuta
Na usisahau Terrelle Pryor. Ndiye kwotabeki waliyemtaka kwa mfumo ule mwaka 2008. Akachagua Ohio State, na Novemba alikuwa uwanjani wakati Michigan wanapigwa 42-7.