"Borrow" na "lend": nani anatoa, nani anapokea?

Wadau, naombeni msaada. Jana nilimwandikia bosi: "Please borrow me your laptop." Akanijibu kwa kikatuni cha kicheko. Kosa liko wapi? Kwa Kiswahili nasema "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu", hakuna anayecheka.

JIBU: Ndipo ulipo mtego, ndugu. "Azima" yetu inabeba pande zote mbili, Kiingereza kimezigawa. Kumbuka kopa na kopesha: "borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. Ungeandika "Please lend me your laptop" au "May I borrow your laptop?" Mimi kosa hilo nililiweka hadi kwenye barua ya kuomba kazi, acha tu.

JIBU: Na wakati uliopita ni "lent". Hakuna "lended".

MUULIZAJI: Kopa na kopesha! Imekaa kichwani. Kwa hiyo "he lent it to me, I borrowed it to him"?

JIBU: Nusu umepata. "Lent to", lakini "borrowed from". Kitu kinatoka kwake. Vipi, laptop ulipewa?

MUULIZAJI: Nilipewa. Bila chaja. Naandika ujumbe wa pili sasa hivi.