Emacs haionyeshi hali sahihi ya mafaili yaliyo chini ya Git

Muulizaji

Habari za kazi, ndugu zangu. Natumia kihariri cha Emacs kwenye Linux kuhariri msimbo wa tovuti, na miradi yangu yote iko chini ya Git, mfumo wa kutunza matoleo ya mafaili. Nina matatizo mawili kuhusu alama ya Git inayoonekana kwenye mstari wa hali, ule ulio chini ya dirisha, na sijui kama chanzo chake ni kimoja.

La kwanza ni hili: nikihariri faili na kulihifadhi, alama hubadilika kutoka `Git-main` kuwa `Git:main`, na hilo ni sahihi, kwa kuwa nukta mbili zinaonyesha kwamba faili lina mabadiliko ambayo hayajakomitiwa, yaani hayajaingizwa katika historia ya Git. Lakini nikienda kwenye terminali nikakomiti huko, kisha nikarudi kwenye Emacs, nukta mbili bado zipo hata nikisubiri kwa muda mrefu, ilhali `git status` inasema hakuna kilichobaki. Nimewasha `global-auto-revert-mode`, inayosoma upya mafaili yaliyobadilishwa nje ya Emacs, nikitarajia kwamba itatosha, lakini haikusaidia.

La pili linahusu mradi mmoja ulio kwenye seva ya ofisi, katika folda ya `/srv/tovuti`. Huwa naingia kwa ssh na kuiendesha Emacs huko huko. Tangu Git ya seva hiyo isasishwe, hakuna alama yoyote inayoonekana, utadhani mafaili hayo hayajawahi kuwekwa chini ya Git, ingawa folda ya `.git` ipo mahali pake. Ningeshukuru kupata maelezo ya sababu, si amri tu ya kunakili, kwa maana wenzangu wanaotumia seva hiyo wananiuliza swali hilo hilo.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, nianze na la kwanza. Emacs haijui yenyewe hali ya faili. Inaiuliza Git pale unapolifungua faili na pale unapolihifadhi, kisha inalitunza jibu hilo na kuendelea kulionyesha. Unapokomiti kwenye terminali, faili lenyewe haliguswi: yaliyomo ni yale yale na saa ya kubadilishwa kwake ni ile ile. Kilichobadilika kimo ndani ya `.git`. Kwa kuwa `global-auto-revert-mode` inafuatilia faili na wala haifuatilii `.git`, kwake hakuna jambo lililotokea, na hivyo jibu la zamani linabaki kwenye mstari wa hali.

Ili kuthibitisha, nenda kwenye bafa (nafasi ambamo Emacs imelifungua faili) yenye nukta mbili zisizostahili kuwapo, uandike `M-x vc-refresh-state`, yaani Alt na x kwa pamoja, kisha jina la amri. Amri hiyo hufuta yote ambayo Emacs inayakumbuka kuhusu faili hilo na kuiuliza Git upya. Nukta mbili zikigeuka kistari, basi jibu la Git ni sahihi na lililopitwa na wakati ni kumbukumbu ya Emacs.

Kwa suluhisho la kudumu kuna mpangilio unaoitwa `auto-revert-check-vc-info`, ambao kwa kawaida umezimwa. Uwashe kupitia `M-x customize-variable`, uuhifadhi, na ile `global-auto-revert-mode` uliyokwisha kuiwasha itaanza kuiuliza Git tena na tena, kila baada ya sekunde 5, ambao ndio muda wa kawaida wa `auto-revert-interval`. Kuna gharama hapa, na ni vyema uijue mapema: swali hilo linaulizwa kwa kila bafa iliyo chini ya udhibiti wa matoleo, na kila swali ni kuiendesha Git upya. Mwenye mafaili machache kwenye diski ya kasi hataona tofauti yoyote. Mwenye mamia ya bafa, au mafaili yake yakiwa kwenye diski ya mtandao, ataona Emacs ikikwama kidogo kidogo anapoandika. Kwa mtu huyo ningeongeza muda ufike sekunde 30 hivi, na tena ningeubadilisha `vc-handled-backends` ubaki na Git peke yake, ili Emacs isipoteze muda kutafuta RCS, CVS na mifumo mingine ambayo haitumii.

Mimi binafsi napendelea kukomiti ndani ya Emacs kwa `C-x v v` (Ctrl na x kwa pamoja, kisha v mara mbili), kwa sababu hapo Emacs yenyewe ndiyo iliyoiagiza Git, na alama inasahihishwa papo hapo bila kuuliza tena na tena.

Mchangiaji wa pili

Nijibu la pili, ambalo kwa maoni yangu ni tofauti kabisa na la kwanza, kwa sababu hapa Git yenyewe ndiyo inayokataa kujibu. Emacs ikishaiona folda ya `.git`, huendesha `git ls-files` ili kujua kama faili lako limo katika orodha ya Git. Amri hiyo ikishindwa, Emacs huhesabu kwamba faili halimo, na haikuonyeshi kosa lolote. Kwa hiyo ingia kwenye `/srv/tovuti` kwa akaunti ile ile unayoiendeshea Emacs, uandike `git status`. Natarajia utaona ujumbe unaoanza na `fatal: detected dubious ownership in repository`.

Ujumbe huo unatokana na ukaguzi ulioingizwa katika Git 2.35.2, mwezi Aprili 2022, ili kuziba udhaifu wa usalama uliosajiliwa kwa nambari CVE-2022-24765. Katika folda inayotumiwa na watu wengi, mtu mwenye nia mbaya aliweza kuweka `.git` yake katika folda ya juu, na ndani ya mipangilio yake akataja programu ya kuendeshwa, kwa mfano kupitia `core.fsmonitor`. Wewe unafungua faili tu, kihariri kinaiita Git kwa niaba yako, na Git inaiendesha programu ya mtu mwingine kwa mamlaka yako. Wanaotumia vihariri vinavyoiita Git vyenyewe ndio waliokuwa katika hatari kubwa, kwa hiyo tafadhali usiuchukulie ukaguzi huu kama usumbufu. Siku hizi Git inaukataa mradi ambao mmiliki wake si wewe.

Angalia mmiliki kwa `ls -ld /srv/tovuti`. Ikiwa folda inapaswa kuwa yako peke yako, mwombe msimamizi wa seva akurudishie umiliki kwa `chown`, amri ya kubadilisha mmiliki. Lakini umesema mnaitumia watu kadhaa, na hapo `chown` itamsaidia mmoja tu, kwa kuwa Git inamtazama mmiliki, haitazami kikundi. Ili Git iiamini folda hiyo, kila mmoja wenu aandike `git config --global --add safe.directory /srv/tovuti`, au msimamizi aandike mara moja kwa kutumia `--system` badala ya `--global`. Kuiweka ndani ya mipangilio ya mradi wenyewe hakufanyi kazi, na ni makusudi, kwani hapo mdukuzi angejiidhinisha mwenyewe. Nakusihi pia usiweke nyota mahali pa njia ya folda, kama wengine wanavyoshauri, maana nyota inauondoa ukaguzi wote. Ukimaliza, fanya `M-x vc-refresh-state` katika bafa zilizokuwa wazi.

Muulizaji

Nawashukuru sana wote wawili. La kwanza limekwisha. Kwenye seva, ujumbe ulikuwa ndio huo, mmiliki wa folda ni `root` (akaunti kuu ya mfumo), na msimamizi ameandika `safe.directory` kwa ajili yetu sote, kisha akaendesha `chmod -R 775`, amri ya kubadilisha ruhusa za mafaili, ili kila mmoja wetu aweze kuandika. Alama zimerudi, ila sasa karibu kila faili lina `Git:main`, hata yale ambayo hakuna aliyeyagusa, na `git diff` inaonyesha `old mode 100644` na `new mode 100755` bila mstari wowote wa msimbo.

Mchangiaji wa pili

Safari hii Emacs inakuonyesha ukweli. Katika ruhusa za faili, Git inatunza jambo moja tu: kama faili linaweza kuendeshwa au la. Ile `775` imeyafanya mafaili yote yaweze kuendeshwa, na hayo ni mabadiliko halisi ambayo yangeingia katika komiti yako inayofuata. Skripti zilizokuwa 755, yaani zenye ruhusa ya kuendeshwa, tangu mwanzo hazimo katika `git diff`, kwa hiyo zitabaki salama ukiandika hivi kwenye folda ya juu ya mradi, mradi tu hakuna skripti uliyoihariri na hujaikomiti:

`git diff --name-only -z | xargs -0 chmod a-x`

Kwa kuwa `chmod` inamtaka mmiliki wa faili, amri hiyo aiendeshe msimamizi. Ruhusa ya kikundi kuandika haitaguswa. Mpangilio wa `core.fileMode` ungeweza kuzificha alama hizo ukiuweka `false`, lakini unafaa zaidi kwa diski zisizoweza kutunza ruhusa za Linux, kama zile za Windows, na seva yenu si ya aina hiyo.