Golf 7 ya Japani: ful inayojishusha yenyewe inawezekana kwa kodingi tu?

Mbezi_Luis:

Wakuu habari za jioni. Nina Golf 7 ya 2014, imetoka Japani. Kila Ijumaa nikitoka kazini naenda Morogoro kwa wazazi. Kuanzia Mlandizi hadi Chalinze giza ni totoro, malori yanapishana mfululizo, na kupandisha na kushusha ful (taa za mbali) muda wote kunanichosha mkono na macho. Ukichelewa kidogo kushusha, mwenzako anakuwashia zake zote usoni.

Binamu yangu yuko Uingereza, ana Golf kama hii, yake inapandisha na kushusha ful yenyewe. Yangu kwenye menyu haina kitu hicho. Ila ina mfumo wa kushika mstari, maana kwenye ile barabara pana ya Kimara hadi Kibaha nikivuka mstari bila indiketa usukani unanirudisha. Kuna kijana ananiambia anaifungua kwa kodingi, yaani kubadilisha mipangilio ya kompyuta za gari, kwa simu na kidude cha kuchomeka chini ya usukani. Ni kweli, au hela yangu inaenda bure? Na hakuna hatari ya kuua kontroli boksi (kompyuta ya gari)?

Fundi_Umeme_Ilala:

Ni kweli kabisa, mkuu. Lakini kabla hujatoa hata senti, simama mbele ya gari utazame juu, nyuma ya kioo cha ndani. Ukiona lensi inayotazama barabara, kazi inawezekana. Kwako naamini ipo, kwa sababu Golf 7 inasoma mistari ya barabara kwa kamera hiyohiyo. Naletewa Golf zisizo na kamera, mwenye gari anadhani programu itaona badala yake. Hao nawarudisha nyumbani na hela yao.

Hakikisha pia swichi ya taa ina nafasi ya AUTO, na taa za kawaida zinajiwasha giza likiingia. Bila hiyo hatufiki popote.

Kazi yenyewe inagusa sehemu mbili. Moduli (kompyuta ndogo ya gari) ya 09 ndiyo inayotawala taa zote. A5 ndiyo kamera. Kwenye 09 unaingiza namba ya kufungulia, 31347, unatafuta mistari yenye neno Fernlichtassistent, yaani msaidizi wa taa za mbali (menyu zile zimejaa Kijerumani), unaonyesha kwamba huduma ipo na menyu yake ionekane. Kwenye A5 unaiarifu kamera kwamba sasa itoe taarifa za taa pia. Ukigusa upande mmoja tu, menyu itatokea lakini taa hazitafanya lolote, au utapata alama ya hitilafu kwenye dashibodi. Hapo ndipo vijana wengi wanapokwama, wanaanza kubofya kila wanachokiona.

Kuhusu kuua boksi: kinachoharibu ni haraka na betri dhaifu. Swichi iko on, injini imezimwa, feni na redio vinanyonya, umeme unashuka katikati ya kuandika. Mwambie afunge chaja kwenye betri. Na kabla hajabadilisha herufi moja, apige skani ya gari zima, ahifadhi kodi (mipangilio) za zamani, akupe nakala. Asiyetaka kukupa nakala, mwachie kidude chake aondoke nacho.

Msichanganye na ile huduma ya bei kubwa inayoacha ful ikiwaka huku ikilifunika kwa kivuli gari la mbele tu. Ile inataka taa zake maalumu za xenon. Kwa kodingi peke yake huipati. Na wenye Golf 8 msikimbilie vidude hivi, kuanzia 2020 moduli nyingi zimefungwa na zinafunguliwa kwa ruhusa ya mtandaoni.

Mama_Fielder:

Naongezea kwa wenye Toyota. Fielder na Axio za kuanzia 2015 zenye Safety Sense C (kifurushi cha usalama cha Toyota) zinakuja na huduma hii kutoka kiwandani, bila kodingi yoyote. Tafuta kitufe chenye picha ya taa na herufi A. Yangu nilikaa nayo muda mrefu nikidhani ni cha taa za ukungu, maana kitabu chote ni Kijapani.

Dereva_wa_Usiku:

Mimi naomba mtu aseme habari ya bodaboda. Kamera hii inatafuta taa: taa za mbele za anayekuja, taa nyekundu za aliye mbele yako. Pikipiki isiyo na taa ya nyuma haipo kwake. Mama anayetembea pembeni na ndoo kichwani pale Mlandizi hayupo kwake, atamulikwa ful machoni mpaka ashindwe kuona anapokanyaga. Na kwenye kilima, taa za lori zinachomoza ghafla, kamera inashtuka ukiwa umeshamuunguza macho mwenzako.

Fundi_Umeme_Ilala:

Uko sahihi kaka, na hili namwambia kila mteja kabla hajaondoka. Kwenye Golf inapandisha ful ukipita kama kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo ukiheshimu 50 za vijijini haitawasha yenyewe. Lakini ukiingia kijijini ful tayari inawaka, inaweza kuendelea kuwaka. Shusha kwa mkono. Mvua kubwa au ukungu, izime kabisa.

Mbezi_Luis:

Ahsanteni sana. Nimetazama, kamera ipo. Ila kioo cha mbele kilibadilishwa kabla sijalinunua gari, na stika ya Nenda kwa Usalama imebandikwa karibu kabisa na lensi.

Fundi_Umeme_Ilala:

Stika itoe leo, paka maji ya uvuguvugu kwanza isiache gundi. Kioo kikibadilishwa kamera inatakiwa kupimwa upya, ikae sawa na barabara, vinginevyo itashusha taa kwa kuchelewa. Mwambie kijana asome A5 kabla ya yote. Ikiwa na kodi ya hitilafu ya upimaji, anza na hiyo. Kodingi inasubiri.