Mafundi wa simu za IP, seva ni ya mteja. Leteni nywila!

Wakuu, leo sirembi. Ofisi yetu hapa Dar iliachana na laini za zamani ikafunga simu za IP, zinazopitisha sauti kwenye mtandao wa intaneti, na seva ya FreePBX, ile programu inayoongoza simu zote za ofisi. Kampuni iliyofunga siitaji. Wakipita humu watajijua.

Kero yenyewe hii: mteja wetu anapiga, dada wa mapokezi anapokea, mteja anamsikia vizuri ila yeye hasikii kitu. Haloo, haloo, ikifika kama nusu dakika simu inajikata. Mteja anaona amekatiwa kwa dharau. Tukimtafuta fundi, jibu ni lile lile: "Bosi, hiyo intaneti yenu ndogo, ongezeni kifurushi."

Kifurushi gani jamani? Simu moja kwa kodeki ya G.711, yaani namna ya kugeuza sauti kuwa data, haifiki hata kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Tuna mkonga, na mikutano ya video inakwenda bila kukwama. Halafu simu ya sauti tupu ndiyo iushinde?

Kijana wetu wa IT akachoka kudanganywa, akanasa pakiti za data pale kwenye ruta kwa Wireshark, programu ya kuchungulia kinachopita kwenye mtandao. Kila kitu kikawa hadharani. Seva iko nyuma ya ruta na hakuna aliyeiambia anwani yake ya nje ni ipi, kwa hiyo inawatajia watu wa nje anwani ya ndani, ile ya 192.168 isiyofikika kutoka nje. Sauti ya mteja inatumwa huko inapotea. Hata ule ujumbe wa kuthibitisha kwamba simu imepokelewa haurudi, seva inarudia kuuomba kwa sekunde 32, ikikosa inakata. Sekunde hizo zimo kwenye waraka wa kanuni za SIP, lugha ambayo simu hizi huitumia kuitana, RFC 3261, tangu 2002! Siyo uchawi wala siyo kifurushi. Ni ukurasa mmoja wa mipangilio: unajaza anwani ya nje na mitandao ya ndani, unahifadhi, umemaliza. Na ile SIP ALG ya kwenye ruta, kitu kinachochezea ujumbe wa simu unapopita na mara nyingi kuuharibu, nayo waliiacha imewashwa, wakati fundi yeyote aliyezoea kazi hizi huanza kwa kuizima.

Sasa kwa nini hatujazi wenyewe? Kwa sababu nywila ya seva wameikalia. "Sera ya kampuni." Seva tumenunua sisi, simu tumenunua sisi, umeme tunalipa sisi, ila kuongeza ekstensheni moja, yaani namba ya simu ya ndani, mpaka waje, na kila wakija kuna hela ya ufundi. Wakija wenyewe sasa! Kijana anakaa kutwa nzima anafungua simu moja moja kwenye brauza na kujaza kwa mkono, wakati DHCP, huduma inayogawa anwani kwenye mtandao, ina opsheni 66 ya kuielekeza simu ikachukue mipangilio yake yenyewe.

Kinachonitisha zaidi ni karatasi ya ekstensheni waliyotuachia. Ekstensheni 101, nywila 101. Ya 102, nywila 102. Na hivyo hivyo mpaka mwisho, huku poti 5060, mlango wa SIP, wameifungulia dunia nzima kwenye ruta. Kuna watu kazi yao ni kuzungusha programu zinazotafuta seva za namna hii usiku kucha. Wakiingia wanapiga namba za nje zenye malipo makubwa, tena wikiendi ofisi ikiwa imefungwa, halafu bili inakuja kwa mwenye laini. Fundi hatalipa hata senti. Poti tumeshaifunga, tumeiruhusu kampuni inayotupa laini ya simu tu.

Mnaoijua kazi hii, nisaidieni: seva ipo kabatini kwetu, skrini na kibodi tunazo. Nani amewahi kubadili nywila ya root, yaani ya mkuu wa mashine, kwa kupitia GRUB, ile menyu ya mwanzo mashine ikiwaka, kwenye mashine ya FreePBX, ekstensheni na rekodi za simu zikabaki salama? Leteni hatua kwa hatua. Na nyie mliotufungia, ankara yenu ya "matengenezo" ipo mezani kwa mhasibu, nimemwambia asiiguse mpaka nywila ije kwa maandishi.