Aliyethibitisha identiti kapewa alama 1, aliyezunguka kapewa 4. Walimu wa hesabu, hii ni nini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Jana jioni mdogo wangu kaniletea daftari lake la hesabu pamoja na la mwenzake wanayekaa dawati moja. Swali ni lilelile, wote walitakiwa wathibitishe identiti hii, yaani mlinganyo ulio kweli kwa kila pembe θ inayoweza kuwekwa:

(1 − cos θ)/sin θ = sin θ/(1 + cos θ)

Mwenzake kaanza kwa kuandika mlinganyo wenyewe, yaani kitu kilekile anachotakiwa kukithibitisha. Kachukua asili ya kila upande kazidisha na kiasi cha upande wa pili, kapata (1 − cos θ)(1 + cos θ) = sin²θ. Mstari unaofuata, 1 − cos²θ = sin²θ. Wa mwisho, sin²θ = sin²θ, na chini yake "imethibitika". Vema kubwa nyekundu, 4 kati ya 4.

Mdogo wangu kaanza na upande wa kushoto peke yake. Kazidisha juu na chini kwa 1 + cos θ. Juu pakawa 1 − cos²θ, ambayo ni sin²θ, na chini sin θ(1 + cos θ). Sin moja ya juu ikakatana na ya chini, ukabaki upande wa kulia kama ulivyo. Hakuna mstari hata mmoja unaodai kitu kabla ya kukionyesha. Kapata 1 kati ya 4, na pembeni kaandikiwa kwa wino mwekundu: "Fuata njia tuliyofanya darasani."

Alama tatu zinauma, ila hiyo njia ya darasani inaniuma zaidi. Umeambiwa uonyeshe kwamba pande mbili ni sawa. Ukianza kwa kuandika kwamba ni sawa, umeshajipa jibu, kisha unalifanya jibu hilohilo kuwa ushahidi. Kesi ya ngedere unampelekea nyani.

Anayeona nakuza mambo achukue kalamu ajaribu hii: sin θ = √(1 − cos²θ). Tumia njia ya darasani. Pandisha pande zote kwa kipeo cha pili, unapata sin²θ = 1 − cos²θ, halafu sin²θ = sin²θ. Imethibitika, si ndiyo? Sasa weka nyuzi 210. Kushoto, sin 210° ni −½. Kulia, cos 210° ikipandishwa kipeo cha pili ni ¾, 1 toa ¾ ni ¼, kipeuo chake ½. Upande mmoja hasi, mwingine chanya. Njia imethibitisha uongo na mwanafunzi anaondoka na vema. Kwa njia hiyohiyo hata sin θ = −sin θ inapita, maana ukipandisha kipeo cha pili alama ya kutoa inapotea.

Najua kuna atakayesema hatua za yule mwenzake zinaweza kurudishwa nyuma. Kweli, katika swali lile zinarudi, mradi sin θ isiwe sifuri na 1 + cos θ isiwe sifuri. Basi zirudisheni! Anzeni na 1 − cos²θ = sin²θ, ambayo tayari tunaijua, mgawanye, mshuke mpaka kwenye kinachotafutwa. Kufikiria kuanzia mwisho kwenye karatasi ya pembeni hakuna ubaya, nami hufanya hivyo kila siku. Lakini karatasi ya pembeni haikabidhiwi kama uthibitisho, wala mwalimu hapaswi kuipitisha. Hilo sharti la sifuri nalo halimo kwenye daftari lolote kati ya yale mawili. Ukiweka θ = 0 upande wa kulia unatoa 0, wa kushoto unagawa kwa sifuri, na watoto hawajawahi kuambiwa.

Halafu kuna kukariri. Ukurasa wa kwanza wa mada hii mdogo wangu kaandikishwa sin²θ + cos²θ = 1, kisha 1 + tan²θ = sec²θ, kisha 1 + cot²θ = cosec²θ, kama vitu vitatu visivyojuana (tan θ ni sin θ/cos θ, sec θ ni 1/cos θ, cot θ ni cos θ/sin θ, cosec θ ni 1/sin θ). Nilimwambia agawe ile ya kwanza yote kwa cos²θ. Akagawa, akatulia, akaitazama, akasema "kumbe ni hiyohiyo?" Akagawa kwa sin²θ bila kuambiwa. Dakika mbili tu zile, na darasani hazikupatikana wiki tatu nzima! Siku alipouliza kwa nini kwenye swali fulani wanazidisha kwa 1 + cos θ, kajibiwa akariri tu. Jibu ni fupi: 1 − cos θ ikikutana na 1 + cos θ unapata tofauti ya miraba miwili, na 1 − cos²θ tunajua ni sin²θ. Mtoto akishaelewa hilo, akikutana na 1 − sin θ anajua mwenyewe atafute nini.

Asubuhi kabla hajatoka kaniuliza: mtihani ukija, aandike anachojua ni sahihi, au aandike kinachopewa alama? Nilishindwa kumjibu. Walimu mliomo humu, mngemwambia nini?