Naomba ushauri: tunataka sheria ya tiba ya usonji, tuanzie wapi?

Wakuu, habari zenu. Mwanangu ana usonji. Akihudhuria tiba ya usemi anaomba maji kwa maneno. Hela ikikata tukasimama, anarudi kunivuta mkono hadi kwenye kikombe huku analia. Bima inagoma kulipia, shule nayo haina mtaalamu. Wazazi kadhaa tumeungana, tunataka iwe sheria, maana huruma ya mwalimu mkuu haitoshi: akihamishwa, imekwisha. Marekani wazazi walipambana jimbo kwa jimbo, na kufikia 2019 majimbo yote 50 yalishazitaka bima zigharamie. Mliowahi kupeleka hoja kwa mbunge, tuanze na bima au shule? Na barua tuiambatanishe na ripoti za daktari, au maelezo yetu wenyewe yanatosha?