Shehena ya setilaiti: ukuaji wa soko uko wapi hasa?

Kijana wa Ngomeni
Assalaam aleikum. Mimi ni mwanafunzi wa elektroniki na kwetu ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi, mbele ya majukwaa ya San Marco, yale ya Waitaliano ya kurushia roketi baharini, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kila ninaposoma naambiwa kwamba soko la shehena za setilaiti, yaani kamera, rada, antena na transponda (vifaa vya kupokea mawimbi na kuyarudisha duniani) zinazofanya kazi iliyokusudiwa, mbali na kiwiliwili kinachozibeba, linapanuka kwa kasi. Mwalimu wangu ananishauri mradi wa mwaka wa mwisho uwe juu ya transponda. Je, ukuaji uko huko?

Fundi Madishi, Malindi
Waaleikum salaam, mwanangu. Ushauri huo ungefaa sana zama zangu, wakati setilaiti ya mawasiliano ilikaa kilomita 35,786 juu ya ikweta kwa miaka 15 au zaidi, na sisi huku tukifunga madishi yaliyotazama juu kama bakuli, hata masika ikianza yanajaa maji na inabidi kuyatoboa tundu. Siku hizi setilaiti nyingi zinazorushwa hukaa chini sana, kama zile za intaneti za Starlink, za kampuni ya SpaceX, zilizo karibu kilomita 550, ambazo 60 za mwanzo zilirushwa kwa pamoja Mei 2019. Umri wake ni kama miaka mitano tu, kwa hiyo kila mara zinahitaji za kuzirithi.

Lakini usihesabu setilaiti ukadhani unahesabu soko. SpaceX hujiundia setilaiti zake pamoja na shehena zake, kwa hiyo muuza transponda anaweza kuziona zikipita kwa maelfu juu ya paa lake asiuze hata moja. Hata huko juu kwenye obiti ya zamani wanunuzi wamebadilika: Eutelsat Quantum, iliyorushwa Julai 2021, inaweza kubadilishiwa masafa ya mawimbi na eneo inalolimulika kwa programu ikiwa tayari iko angani. Ukitaka kubaki kwenye mawasiliano, jifunze kuelekeza miale ya antena kwa programu.

Bi Mikoko, Lamu
Naongeza upande wa picha, maana ndio kazi yangu. Sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya iko huku kwetu, na wakati wa masika nikifungua picha za kamera naona mawingu meupe matupu. Taifa-1, setilaiti yetu ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023, nayo ilibeba kamera, ambayo huzuiwa na wingu vilevile. Rada hupenya wingu, usiku na mchana. Zamani rada ilitaka setilaiti nzito, na Sentinel-1 ya Ulaya ina zaidi ya tani mbili. Kisha Januari 2018 kampuni ya ICEYE ya Ufini ikarusha rada ndani ya setilaiti isiyofika kilo 100. Kwa maoni yangu, hapo ndipo soko lilipofunguka, na wanunuzi wakubwa ni serikali na majeshi yao. Sisi wa mikoko hutumia zaidi picha za bure.

(Neno "shehena" limenipendeza, ijapokuwa shehena ya jahazi hushushwa bandarini na hii haishuki.)

Kijana wa Ngomeni
Shikamoo Bi. Basi niunde rada ndogo?

Fundi Madishi, Malindi
Pole pole, mwanangu. Kamera hupokea mwanga wa jua bure, ilhali rada hutoa mawimbi yake yenyewe na kungoja yarudi, kwa hiyo inakula umeme mwingi kuliko unaoweza kupatikana kwenye paneli za setilaiti ya kimchemraba ya wanafunzi. Anza na upokezi na uchambuzi wa mawimbi hapa chini.

Bi Mikoko, Lamu
Marahaba. Jisajili bila malipo katika tovuti ya data ya Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia kwa setilaiti, chora mpaka wa Ghuba ya Ungwana kwenye ramani, chagua Sentinel-1, kisha chukua picha moja ya kaskazi na moja ya masika. Maji yaliyotulia huonekana meusi na mikoko huonekana ya kijivu. Ukiona vidoa vyeupe baharini mbele ya Ngomeni usidhani ni meli zote, kwani chuma cha majukwaa yenu pia hung'aa.